Mshale wa huku unadanganya kwa mujibu wa sheria

Mwaka wangu wa kwanza huku Leicester, Uingereza, nilidhani nimeuziwa gari bovu. Dashibodi inasoma maili 70, GPS ya simu inasema 66. Fundi akacheka. Kumbe Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza mshale wa mwendo kusoma chini ya mwendo halisi, ila kuzidisha ruksa: asilimia 10, na kilomita 4 juu yake. Ukienda kilomita 100 kwa saa kweli, dashibodi ikisema 114 haijavunja sheria.

Shemeji yangu Dar yamemkuta kinyume. Aliinua RAV4 yake akafunga matairi makubwa. Geji inahesabu mizunguko, na tairi kubwa huzunguka mara chache kwa umbali uleule. Akapigwa tochi Chalinze, 54 penye 50, naye anaapa mshale ulikuwa kwenye 50. Namwamini. Elfu 30 alilipa vilevile.

Lakini kinachoniuma mimi ni kilomita zinazorudishwa nyuma ili gari lionekane halijatembea sana. IST yangu ya kwanza dalali aliniambia imetembea elfu 68. Mpira wa pedali ya breki umelika mpaka chuma kinachungulia, usukani umekuwa laini kama sabuni ya kuogea. Namba D, mikono mitatu, elfu 68! Nikanunua hivyohivyo, rangi ilinipendeza.

Huku gari likitimiza miaka 3 linakaguliwa kila mwaka, na maili zinaandikwa. Unaingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, bure, unaziona zote. Niliwahi kukuta gari lenye maili 91,000 mwaka mmoja na 62,000 mwaka uliofuata. Nilipomwonyesha muuzaji simu yangu, ghafla akakumbuka ana safari.

Sisemi Waingereza ni waaminifu kutuzidi, matapeli wamejaa. Hata kurudisha maili kwenyewe si kosa. Kosa ni kuuza huku umeficha. Ila mnunuzi ana pa kuchungulia. Gari likinunuliwa mnadani Japani, kilomita zimo kwenye karatasi ya mnada. Likifika kwa dalali wetu karatasi imepotea. Mbona stika za nenda kwa usalama tunabandika? Trafiki anapokagua aandike na kilomita, zionekane kwa kila mtu.

Na ukiletewa Range Rover iliyotoka huku, ukaambiwa "elfu 90 tu bosi", inama usome dashibodi vizuri. Hizo ni maili. Kwa kilomita inakaribia 145,000.