Mimi, Beseni na Shikamoo
Kwanza kabisa: sikuwa uchi. Nilikuwa na bukta. Rafiki yangu anayezungusha ile video yangu nikiwa kwenye beseni kwenye magrupu ameiruka bukta makusudi, kwa hiyo sikilizeni kwa mwenye beseni mwenyewe.

Joto mnalijua. Kuta zilikuwa zimekunywa jua mchana kutwa na jioni ile zikaanza kulitapikia ndani. Feni inazunguka kwa bidii, inanipulizia hewa ile ile ya moto, maana feni haipozi hewa, inakausha jasho tu, na mota yake nayo inachangia joto. Nikatundika shuka bichi dirishani. Wapi! Hewa ilishashiba unyevu, shuka halikauki, na maji yasipokauka hayaondoki na joto la mtu. Nikafungua friji nikasimama mbele yake. (Najua, najua. Joto linalotoka nyuma ya friji ni kubwa kuliko ubaridi wa mbele. Msinifundishe, nimelipapasa kwa kiganja changu.)

Ndipo beseni likanijia akilini.

Nikalijaza maji nusu, nikaliweka katikati ya sebule, nikaacha wazi mlango wa mbele na dirisha la nyuma ili upepo uingie huku utokee kule. Huo mlango msiusahau. Nikajibana, nikakaa. Maji yakapanda, mengine yakamwagika, lakini jamani, ile raha! Ubaridi ulinipanda mgongoni hadi kisogoni. Nikapiga selfi, nikamtumia rafiki yangu: "Njoo uone wenye akili wanavyoishi." Kisha nikafumba macho. Sikukoroma, huo ni uzushi wake.

"Hodi!"

Haikuwa sauti yake. Alikuwa mzee mwenye nyumba, kaja kujua maji yanayochuruzika barazani yanatoka wapi.

Nikasema ninyanyuke haraka. Nikakita viganja sakafuni, nikajiinua. Beseni nalo likainuka. Nikashuka. Nikajipinda kushoto, nalo likajipinda kushoto. Plastiki ikaachia ngozi kidogo, ikatoa mlio, halafu ikaghairi ikashika upya. Nikakohoa kuufunika ule mlio. (Asiyewahi kufyonzwa na beseni asiniambie "ungetulia".) Mzee keshafika mlangoni. Akalitazama dimbwi. Akalifuata kwa macho, polepole, kigae kwa kigae, likampitisha chini ya meza, likamzungusha kwenye feni, mpaka likamleta kwangu, magoti yamegusa kidevu.

Sasa, mkubwa unamwamkia umekaa? Malezi yakanisukuma. Nikanyanyuka nusu, nimeinama kama narukuu, beseni limenishika nyuma barabara, na maji yaliyobaki yakajimimina taratibu kwenye viatu vyake.

"Shikamoo, mzee."

Kimya. Feni ikageuka kwake, ikarudi kwangu, ikageuka tena kwake.

"Marahaba," akasema. "Hujambo?"

"Sijambo, mzee."

Na hapo ndipo nyuma ya bega lake ikachomoza simu, taa ya kamera inawaka, na nyuma ya simu yule rafiki yangu, mnayemwita shahidi.

Yaliyofuata ni mafupi. Shahidi akavuta, nikapiga yowe, mzee akamwambia aache kuvuta, hewa iingie kwanza. Akachukua kijiko, akapenyeza mpini ubavuni mwa beseni, likaachia kwa kishindo ambacho sasa nasikia kimewekewa muziki. Nikapiga deki, nikafuta viatu, nikaomba radhi. Nakalia upande mmoja mpaka leo. Basi.

Jana mzee kanisimamisha getini. Nikajua notisi hiyo, nikaanza kupanga vitu kichwani. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akaniuliza lile beseni ni la lita ngapi.