Muulize Chura Joto, Rangi Baadaye

Mpwa wangu wa Kisauni, Mombasa, katuma picha kwenye grupu la familia: chura wa buluu, tinctorius wa Suriname, katika wale vyura wadogo wenye sumu. "Mjomba, huyu ndiye nataka kumfuga." Pakawaka moto. Mamake anauliza nani atakayemwosha maiti. Jamani! Sumu ile chura huipata porini, kwa kula sisimizi na utitiri. Aliyezaliwa kwenye tangi la kioo la mfugaji akalishwa vinzi vya matunda hana sumu ya kumuua mtu. Hilo tumelimaliza.

Kinachonikera ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya joto. Hawa ni viumbe wa chini ya miti mikubwa, kivulini. Hustarehe kwenye nyuzi 22 hadi 26 hivi. Zikipita 30 wakae humo, unazika. Sasa ingia chumba cha Kisauni mwezi wa Machi, dari hakuna, mabati yanawaka. Utanyunyizia maji? Bara sawa, hewa ni kavu, maji yakikauka yanapoza. Hapa kwetu hewa imeshashiba unyevu: matone yanateleza kwenye kioo kama jasho la mchukuzi, na ndani joto ni lile lile. Imebaki AC, na umeme wetu mnaujua.

Inauma kwa sababu mengine yote tunayo. Wafugaji wa Ulaya wanatoa pesa kununua majani makavu ya mti wa mkungu ya kutandika tangini. Sisi tunayafagia asubuhi na kuyachoma. Vifuu vya nazi, ambavyo wenzetu huwawekea vyura watagie ndani, vimejaa jikoni kwa mamake.

Kama ni lazima, basi achukue aina nyingine, leucomelas, mweusi mwenye mikanda ya manjano. Kwao Venezuela kuna kiangazi, naye hujificha mpaka mvua irudi; ana uvumilivu kidogo. Aina ya auratus pia si mbaya: walipelekwa Hawaii mwaka 1932 wakale mbu, na wapo hadi leo. Ila ana haya, utakuwa unatazama majani. Huyo wa buluu, haya, nakubali, ni mkubwa na hajifichi, lakini majike hupigana. Aina ya pumilio usiiguse kabisa. Viluwiluwi vyake hulishwa mayai na mama yao, wewe huyawezi hayo.

Na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni lazima, usiniletee habari za mtu wa bandarini.

Nunua kipimajoto kwanza, mwanangu. Kitundike chumbani Machi nzima, uandike kila siku saa nane mchana. Zikikaa chini ya 27, tangi nanunua mimi.