Betri ya Nyuma Haina Mjomba

Kila mtu anajua kwamba gari likitembea, betri inachaji. Mke wangu anajua. Bosi anajua. Hata yule muuza mahindi wa Makuyuni anayechungulia dirishani kabla hujazima injini, naye anajua. Asiyejua ni betri yenyewe.

Nazungumzia betri ya nyuma. Land Cruiser hizi za safari zinazorefushwa hapa Arusha nyingi zina betri mbili. Ya mbele iko kwenye injini, kazi yake kuwasha gari. Ya nyuma iko chini ya kiti cha mwisho, kazi yake friji na soketi za kuchajia simu na kamera. Ya mbele inaheshimiwa: kila asubuhi boneti linafunguliwa, inafutwa vumbi, taminali zinatikiswa kidogo, kama kuijulia hali vile. Ya nyuma imekaliwa na mtalii. Inabebeshwa friji mchana kutwa, inanyonywa na simu za gari zima, halafu usiku bosi ananipigia kuniuliza kwa nini bia ilikuwa ya moto.

Jamani, bia ya moto siyo jambo dogo. Mgeni amevuka bahari, amekula vumbi kutoka Lodoare, geti la Ngorongoro, mpaka Naabi, geti la Serengeti, amesubiri chui ashuke mtini na chui amekataa. Tumefika kambini Seronera, jua linazama, nimetandika shuka la Kimaasai kwenye kimeza, karanga nimemimina bakulini. Anaishika chupa. Anaigeuza. Hasemi neno, ananitabasamia tu lile tabasamu lao la kiungwana, kisha anatoa simu. Hapo ujue nyota moja ya kampuni mtandaoni imeshaondoka.

Ukirudi mjini unahukumiwa. Hukumu ya kwanza ya bosi haibadiliki: "Unaacha friji wazi." Bosi wangu friji hiyo hajawahi kuifungua ikiwa barabarani, lakini anajua ninaiacha wazi. Hukumu ya pili: "Basi betri imechoka." Na ikishasemwa betri imechoka, rufaa hakuna. Inanunuliwa mpya, inapigwa picha, picha inawekwa kwenye kundi la madereva na maneno "Tunzeni mali ya kampuni."

Betri mpya ikafanya kazi vizuri mwanzoni, maana ilikuja na chaji ya dukani. Ilipoimaliza ile ya dukani, ikaanza tabia za marehemu. Sasa betri hizi za risasi na tindikali zina ugonjwa wao: ukiiacha inashinda nusu tupu wiki baada ya wiki, sahani za ndani zinaota salfeti, inagandamana, na ikishagandamana hata uichaji usiku kucha haitunzi kitu. Kwa hiyo mpya nayo ikafa kweli, ikalazwa stoo pembeni ya mwenzake. Bosi akasema siku hizi wanatengeneza betri feki.

Nikaenda kwa fundi kijana, ana gereji nzuri, ana spika kubwa. Akainua kiti, akachomeka mita, akasoma 12.4, akaniangalia kwa huruma. "Kaka, umeme upo."

Umeme upo! Ndugu yangu, injini inaunguruma na mita inasoma 12.4, hapo huo siyo umeme uliokuja, hiyo ni akiba ya betri yenyewe. Betri ya volti 12 iliyojaa ikipumzika inasoma 12.6 au 12.7 hivi. Ili ichaji, inatakiwa iletewe kitu cha juu zaidi, 13.8 mpaka 14.4, la sivyo hakuna kinachoingia. Nilimweleza. Akapunguza muziki, akapima tena, akasema, "Ila upo."

Mgeni mmoja, mzee mstaafu kutoka Ujerumani, naye akanipa somo zima tukiwa tunangoja tembo wavuke barabara. Yeye kwao ana gari la kulala, lina kitanda, jiko na choo, na lenyewe betri ya nyumbani ilikuwa haichaji akiwa safarini. Akaniambia magari mapya ya Ulaya yanapewa alteneta, zile mashine za kuzalisha umeme zinazozungushwa na injini, zinazoongozwa na kompyuta. Ili kupunguza mafuta na moshi, kompyuta ikiona betri ya mbele imetosheka inaiambia alteneta ipumzike, volti zinashuka, betri ya nyuma inabaki inaangalia. Dawa yake ni kufunga chaja maalumu katikati, inayochukua hizo volti ndogo na kuzipandisha. Maneno ya kweli kabisa, kwa kwao. Langu mimi lina injini ya 1HZ, dizeli ya zamani, na alteneta yake haijawahi kuambiwa chochote na kompyuta. Ukiwasha inazalisha. Ukizima inalala. Lakini nilimsikiliza mpaka mwisho na kuitikia, maana ndiye aliyekuwa amekunywa ile bia.

Mwishowe nikapelekwa kwa mzee mmoja maeneo ya Unga Limited. Hana spika. Ana kigoda, mita yenye ufa kwenye kioo, na balbu ya taa kubwa ya gari iliyounganishwa nyaya mbili. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba. Washa gari." Hakuniuliza friji naifungaje. Nikampenda hapohapo.

Akapima betri ya mbele: 14.2. "Alteneta haina kesi," akasema. Akanionyesha rilei, kidude cheusi pembeni ya betri. Injini ikizima, kinatenganisha betri mbili ili friji isije ikanywa mpaka umeme wa kuwashia gari, ukaamka asubuhi kambi haina uzio na gari haliitiki. Injini ikiwaka, kinapata ishara kutoka kwenye alteneta, kinaziunganisha. "Weka kidole hapa, baba. Washa. Umesikia?" Ikagonga, tak. Akapima mguu wa kuingilia, akapima wa kutokea: 14.2, 14.1. Rilei nayo ikaachiwa huru. Tukahamia nyuma kwenye betri: 12.5.

Kwa hiyo kuna volti moja na nusu hivi zinapotelea ndani ya gari langu mwenyewe, kati ya boneti na kiti cha mwisho. Njia ambayo haifiki hata mita 6!

Tukang'oa viti. Tukang'oa zulia. Chini ya zulia la gari la safari kuna utalii mwingine: karanga za misimu yote, vifuniko vya lenzi, soksi moja ya mtoto, sarafu za nchi nisizozijua. Na katikati ya mali hiyo, waya. Mzee akauinua kwa vidole viwili. Mwekundu, mwembamba, waya wa milimita za mraba 2.5. Waya wa soketi za nyumba! Huo ambao fundi umeme anauvuta ukutani ili uchemshe birika. Aliyeufunga zamani hizo sitamtaja, na aombe Mungu tusikutane. Nyumbani umeme ni volti 230, unasukuma kwa nguvu, waya mwembamba unavumilia. Kwenye volti 12, ukitaka kupitisha ampea 30 humo kwa mita 6, zaidi ya volti moja inaishia njiani ikiwa joto. Friji inakosa, zulia linapashwa.

Hayo hayakumtosha mzee. Akafuata waya mpaka kwenye kikasha cha fyuzi, akakifungua. Plastiki upande mmoja imeyeyuka na kukunjamana. Mguu mmoja wa fyuzi mweusi, ule mwingine umevaa unga wa kijani uliochanganyika na vumbi la Naabi. Fyuzi yenyewe nzima. Akachomoa waya kwenye betri ya nyuma, akanipa mita: 14 upande huu, 14 upande ule. Umeme upo! Halafu akachukua ile balbu yake, akagusisha nyaya. Ikatoa wekundu hafifu tu, unauona usipopepesa. "Mita haibebi mzigo," akasema, "inachungulia tu. Balbu ndiyo inabeba." Balbu hiyo inataka karibu ampea 5, na pale kwenye kutu zilikuwa hazipiti. Nikamkumbuka kijana wa spika.

Na ethi, ule waya wa kurudishia umeme kwenye bati la gari? Ethi ilikuwa imefungwa kwa skrubu juu ya rangi. Rangi nzuri, ya khaki, safi. Rangi haipitishi umeme, lakini skrubu imepakwa rangi ili ifanane.

Sasa kazi ikahamia kwangu: kumpigia bosi. Mzee alitaka waya mnene wa 16, fyuzi mbili, moja kila upande kwa sababu kila upande una betri na waya ukichubuka katikati unaweza kuunguzwa na yoyote kati yake. Bosi aliyelipa betri mpya bila kupumua akanyamaza, kisha akauliza, "Waya tu, bei yote hiyo?" Nikamwambia ni shaba, bosi. "Waya wa zamani si upo?" Upo. Kila kitu kwenye gari hili kipo. Betri unaipiga picha, wageni wanaiona, mhasibu anaiandika. Waya unapita chini ya zulia, nani atauona? Ilibidi mzee achukue simu yangu, amsalimie, amwambie kwa upole gari linaweza kuwaka moto likiwa na wageni ndani. Pesa ikaingia kabla simu haijakatwa.

Waya ukapitishwa, ethi ikakwanguliwa mpaka bati likang'aa, ikafungwa, ikapakwa grisi. Tukawasha. Nyuma: 13.9. Nilitamani kuipiga picha na mimi niiweke kwenye kundi. Mzee akanionya nisidhani nikifika Mto wa Mbu itakuwa imejaa. Betri ya aina hii inapokea haraka mwanzoni, kisha ile sehemu ya mwisho inaivuta saa na saa, hata ukikimbia.

Safari iliyofuata chupa zilitoka na ukungu. Nikazipanga kwa fahari. Wageni walikuwa mama na binti yake, wakaangaliana, wakauliza kama kuna chai.

Haya, hilo nalo nikameza. Nimerudi mjini, nafungua simu, bosi ameshatoa tangazo jipya: magari yetu sasa yana umeme wa uhakika, kwa hiyo kuanzia mwezi ujao kila gari litakuwa na inveta, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na mashine ya kukaushia nywele, wati 1,500. Gawanya kwa 12: ampea 125, kabla hujahesabu kinachopotea kwenye inveta. Alteneta yangu imeandikwa 80. Nimempigia kumweleza. Amenisikiliza vizuri sana, kisha akasema labda huwa naacha friji wazi.