Toeni Hizo Betri

Kuna aina ya mkusanyaji wa kompyuta za zamani ambaye ukishika bisibisi mbele yake anaingiwa na baridi. Kwake, mashine ina thamani kwa sababu haijafunguliwa: skrubu ni zile zile, stika ya dhamana haijachanika, vipuri vyote ni vile ilivyotoka navyo kiwandani. Anapoiuza, neno "haijaguswa" ndilo linalopandisha bei. Mimi nikiliona neno hilo nauliza swali moja tu: betri imetolewa?

Kikulacho ki nguoni mwako. Amiga 500 Plus ya mwaka 1991 ilikuja na betri ndogo ya kuchaji iliyolehemiwa kwenye bodi mama, kazi yake ikiwa kutunza saa wakati mashine imezimwa. Bodi nyingi za kompyuta zenye prosesa za 286 na 386 zilikuwa nayo pia. Ikizeeka inavuja, na majimaji yake yanakula zile njia nyembamba za shaba, hata kama kompyuta imelala ndani ya boksi lake na haijawashwa miaka nenda rudi. Macintosh SE/30 ya mwaka 1989 inatumia betri ya lithiamu ambayo hata haihitaji lehemu, unaichomoa kwa mkono. Na bado zimepatikana SE/30 nyingi ambazo betri ilipasuka humo humo, kutu ikaenea mpaka kwenye fremu ya chuma. Zilikuwa safi kabisa kwa nje.

Betri ina wenzake. Kapasita, vile vipuri vidogo vya kuhifadhi umeme vinavyobandikwa juu ya bodi, hasa za mwisho wa miaka ya 80 na mwanzo wa miaka ya 90, huvuja kwa namna hiyo hiyo. Halafu iko pawasaplai (kifaa cha kuipa mashine umeme) ya kompyuta ya Commodore 64, tofali zito lililomiminwa gundi ngumu ndani ili lisifunguke. Kidhibiti chake kikichoka, ule umeme unaopaswa kuwa volti 5 unapanda, na chipu za kumbukumbu ndizo zinazoungua kwanza. Kuna watu wanaoliheshimu tofali hilo kwa sababu ni la asili. Nunueni jipya, jamani, la zamani mliweke kwenye boksi likae na asili yake.

Sisemi kila kitu kibadilishwe. Apple I, iliyotengenezwa mwaka 1976 kwa idadi ya kama 200 tu, anayeikaribia na chuma cha kulehemu awe anajua hasa anachofanya. Lakini Commodore 64 iliuzwa kwa mamilioni. Kuifanyia ibada ya makumbusho ni kujinyima kile inachoweza kukupa.

Na inachokupa ni hiki. Unaiwasha, na baada ya sekunde chache skrini ya bluu inakuarifu kwamba umebakiwa na baiti 38,911 za kuandikia programu yako kwa lugha ya BASIC. Hakuna kusubiri masasisho, hakuna kuombwa nywila. Andika POKE 53280,0 na mpaka wa skrini unageuka mweusi papo hapo, kwa sababu umeandika namba moja kwa moja kwenye chipu ya picha. Hakuna mfumo wa uendeshaji uliosimama katikati kukuuliza wewe ni nani. Mtu mmoja mwenye subira anaweza kuijua kompyuta hii yote, anwani kwa anwani. Ya mezani kwangu ninayoandikia makala hii, sidhani kama yupo binadamu anayeijua yote.

Wapo watakaosema emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani ndani ya kompyuta ya kisasa, inafanya hayo yote bure. Ni kweli, na kama shida yako ni michezo tu, emuleta inatosha. Okoa pesa na nafasi. Ila mimi napenda pia kibodi yenyewe, na skrini ya kioo kizito ambayo michoro ya wakati ule ilichorwa kwa ajili yake. (Skrini hizo hubaki na umeme wa hatari hata zikichomolewa ukutani. Usizifungue kwa kubahatisha.)

Kuhusu flopi, zile diski laini za zamani za kutunzia data, sina huruma kabisa. Zinakufa. Kabla ya kusafisha hata ganda la mashine, nakili diski zilizokuja nayo, maana huenda kuna programu au barua za mtu ambazo haziko popote pengine. Baada ya hapo weka kifaa cha kadi ya kumbukumbu mahali pa kiendeshi na uendelee na kazi. Plastiki iliyogeuka njano nayo watu huipaka haidrojeni peroksaidi. Inang'aa, kisha mara nyingi unjano unarudi. Mimi sihangaiki nayo.

Ukitaka kununua, mwombe muuzaji aifungue na akupigie picha ya bodi pale karibu na betri. Akikataa kwa sababu stika itachanika, mpe bei ya mashine iliyokufa.