Fundi tairi ana dharau

Asubuhi hii fundi tairi kaniangalia, kaangalia tairi za nyuma, karudi kuangalia za mbele, halafu eti ananiuliza, "Bosi, hili gari huwa linatembea nusu?" Za mbele kashata zipo zimesimama, za nyuma kipara mpaka unaweza kujitazama ukanyoa ndevu. Sasa mimi baba wa watoto watatu nimwambie najifunza kudrift, kuzungusha gari huku tairi za nyuma zinateleza? Nikamwambia barabara ya kwetu Nzuguni, hapa Dodoma, mbovu. Kwani nimedanganya?

Chanzo ni mtoto wa dada. Kaona Mark II yangu, GX110, akasema anko hii inasukuma nyuma, dhambi kuiendea gengeni, ist ya shangazi inavuta mbele haiwezi kuchora duara kama hili. Somo lenyewe kwa mdomo ni tamu: gia weka L, ile ya chini kabisa, kata usukani, chapa mafuta mpaka matako ya gari yachomoke, yakichomoka rudisha usukani upande wa pili, mguu uwe unabembeleza tu, ukizidisha gari linakugeukia, ukilegeza sana tairi zinashika duara linakufa. Na macho yaangalie unakokwenda, sio boneti.

Jumapili tukaenda porini huko Nala. Jaribio la kwanza nikajikuta natazamana na nilikotoka, la pili likafa, la tatu vumbi limeingia mpaka kwenye meno, na likipungua namuona mzee wa Kigogo kasimama na fimbo, mbuzi wake wote wananiangalia.

"Mbukwa mzee, shikamoo."

"Marahaba. Umekwama?"

"Hapana mzee, nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya kukwama?"

Nikaona huyu tusielewane, nikachapa tena. Tairi moja ndo linazunguka, maana difu, ile inayogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma, ikiwa ya kawaida moto wote unakimbilia tairi lisiloshika, mtoto wa dada anasema watu huwa wanaichomelea tairi zote mbili zizunguke pamoja, nikamwambia achomelee ya baba yake. Kusimama tu, mzee kashaita vijana wanne wamepanga mikono kwenye buti wanasukuma, hadhi yangu yote na shati la kuchomekea, "moja, mbili, tatuuu!" Mzee anapiga kelele pembeni: "Toa mguu kwenye moto wewe! Ukikazana hivyo unachimba!"

Kwa hasira nikawatoa vijana pale, nikachapa, nikalegeza mguu kama alivyosema. Weee! Gari likakaa. Zungu la kwanza, la pili, la tatu, usukani umetulia mkononi, nikajiona Tsuchiya, yule mfalme wa drift wa Japani, kahamia makao makuu ya nchi. Nikashuka natetemeka, nasubiri pongezi.

Mzee kanitazama kwa huruma: "Sasa ndo umepotea njia kabisa."

Na vijana wakataka hela ya soda. Ya kusukuma gari ambalo halijakwama! Nimetoa, ningefanyaje, wako wanne.

Trafiki wa njiani kaniuliza natoka kuchimba kisima. Mke hajauliza kitu, na hilo ndo linanitisha.

Turudi kwa fundi. Ananiuzia mtumba eti "kama mpya", nikasoma pembeni zile namba nne: 1216. Limetengenezwa wiki ya 12, mwaka 2016! Mwaka huo mimi mwenyewe nilikuwa na kiuno. Bei sasa, acha tu, na gari linatakiwa lioshwe na mgao wa maji mtaani kwetu ulikuwa jana usiku wa manane nimelala, ndoo ziko tupu zimepangwa foleni kama zinaenda kupiga kura, halafu ile moja ya bluu sijui jirani gani kaichukua, ina mfuniko wetu kabisa