Gemu 24 kwenye diski moja: pedi ndiyo inayoamua

Mikusanyiko ya gemu za zamani huuzwa kwa namba. Kasha limeandikwa gemu 20, 30 au 50, na mnunuzi anagawa bei kwa idadi aone kila gemu imemgharimu kiasi gani. Hesabu hiyo inapotosha. Mashine za sarafu za miaka ya 80 zilijengwa kila moja na vidhibiti vyake: hii ina usukani, ile ina mpira wa kuviringisha kwa kiganja, nyingine ina mishikio kama ya baiskeli. Gemu ikishaingizwa kwenye diski, vyote hivyo vinabaki nyuma na mchezaji anakabidhiwa pedi. Kabla ya kutoa pesa, cha kujiuliza ni gemu zipi humo ndani zinachezeka kwa pedi, na zipi zimewekwa kujaza idadi.

Midway Arcade Treasures inalionyesha jambo hili vizuri kuliko mkusanyiko mwingine wowote ninaoufahamu. Ilitoka mwaka 2003 kwa PlayStation 2, Xbox na GameCube, ikiwa imeandaliwa na Digital Eclipse, na ina gemu 24 zilizotoka kwa kampuni za Williams, Midway na Atari Games. Ndani yake kuna gemu zilizotumia vidhibiti vya aina nyingi tofauti kwenye mashine ya sarafu.

Anza na Robotron: 2084, gemu ya mwaka 1982 ya Eugene Jarvis na Larry DeMar. Mashine yake ilikuwa na joistiki mbili na haikuwa na kitufe cha risasi: mkono wa kushoto unatembea, wa kulia unapiga, kila mmoja kwa pande nane. Kwa miaka mingi gemu hii haikuwa na makao ya kweli nyumbani kwa sababu pedi zilikuwa na mishale tu. Pedi ya PS2 ina vijiti viwili vilivyokaa sambamba, kwa urefu uleule, na hapo Robotron inarudi kuwa Robotron. Kwangu, hii peke yake inalipa bei ya diski.

Tatizo lake ni pembe. Joistiki ya mashine ilikuwa na swichi, mkono ulijua umefika upande gani. Kijiti cha PS2 kinazunguka ndani ya tundu la duara, hivyo ukitaka kupiga kwa pembe, kidole gumba huteleza na risasi zinakwenda juu au pembeni. Dawa ni kusukuma kijiti mpaka ukingoni kabisa, na kukirudisha katikati kabla ya kubadili upande badala ya kukizungusha. GameCube ina tundu la pembe nane, kwa hiyo kila upande unausikia kwenye kidole. Lakini kijiti chake cha kulia, kile cha njano, ni kifupi na kinachosha haraka. Xbox imeweka kijiti cha kulia chini zaidi ya cha kushoto, na gemu inayotaka mikono miwili iende sawa inapoteza kitu hapo.

Kinachofurahisha ni kwamba emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, inaendesha programu ileile iliyokuwa kwenye mashine, pamoja na kasoro zake. Wimbi la tano la Robotron ndilo la kwanza lenye Brain, wale maadui wanaowakamata binadamu na kuwageuza. Wimbi hilo limejaa akina mama na mtoto mmoja tu, Mikey, na kwa kosa la programu Brain wote wanamfuata Mikey. Basi usimwokoe mapema. Mwache awavute, wewe kusanya akina mama: wa kwanza pointi 1,000, wa pili 2,000, mpaka 5,000, na kila anayefuata ni 5,000. Maisha ya ziada huja kila pointi 25,000 kwa mpangilio wa kawaida, kwa hiyo wimbi hili moja likichezwa vizuri linakupa zaidi ya maisha mawili. Gemu iliyoandikwa upya kwa ajili ya konsoli ingeweza kulifuta kosa hilo, na mbinu nzima ingekufa nalo.

Sinistar inadharauliwa na wengi, na mara nyingi kosa si la gemu. Joistiki yake ilikuwa ya pekee, yenye nafasi 49: saba kwa saba, yaani kasi tatu kwa kila upande na kituo katikati. Anayeicheza kwa mishale ya pedi ana pande nane na kasi moja tu, kisha anashangaa chombo chake kinapita vimondo bila kuvichimba. Tumia kijiti cha kushoto na ukisukume kidogo kidogo. Kaa taratibu karibu na kimondo, kipige kwa vipindi kikutoe fuwele, kwa sababu kila fuwele unayookota inakupa bomu moja, na Sinistar, adui mkubwa anayejengwa na wafanyakazi wake kwa fuwele hizohizo, akikamilika anahitaji mabomu 13 kuvunjika. Ukivizia fuwele kwa kasi kubwa, wafanyakazi wake watazifikia kabla yako.

Marble Madness ya Mark Cerny, mwaka 1984, gemu ya kuongoza gololi hadi mwisho wa njia, ndiyo inayoumia zaidi. Mpira wa kuviringisha hauna katikati wala hauna mwisho: kiganja kikizungusha haraka, gololi inachapuka, kikizungusha kinyume, inafunga breki. Kijiti kina ukomo wa kasi, na ukikiachia kinarudi katikati wakati gololi bado inaendelea na mwendo wake mpaka inadondoka. Achana na wazo kwamba kuachia ni kusimama. Karibu na ukingo, sukuma kinyume kabla hujafika, kwa kugusa mara mbili tatu fupi. Njia ziko sita, na muda unaobaki kwenye njia moja kwa kawaida unahamia inayofuata, hivyo sekunde unazopoteza mwanzoni kwa kurekebisha gololi zinakuandama hadi mwisho. Inachezeka, ila asiyewahi kugusa mashine yenyewe atadhani ni gemu ngumu kwa uonevu.

Super Sprint, gemu ya mbio za magari, nayo imepoteza usukani wake uliokuwa ukizunguka bila kikomo. Gusa, usishikilie, na ukiokota spana tatu njiani, zitumie kununua kwanza mshiko wa matairi, maana kasi bila mshiko kwa pedi inakupeleka ukutani. Paperboy imehama salama: mishikio yake ya baiskeli ilisukumwa mbele kuongeza mwendo na kuvutwa nyuma kupunguza, na kijiti kinafanya hivyohivyo.

Sasa TV, ambako mambo mengi huharibikia. PS2 hutoa picha kwa mistari ya kupishana, na TV bapa inabidi iiunganishe kabla ya kuionyesha. Kazi hiyo inachukua muda. Picha moja hukaa kama milisekunde 17. TV ikichelewesha picha nne au tano, Grunt, adui wa kawaida wa Robotron, anakuwa ameshakugusa kabla hujamwona. Washa modi ya gemu kwenye TV, zima vilainisha picha vyote, na kama unapata waya wa komponenti wenye vichwa vya kijani, bluu na nyekundu, tumia huo badala ya ule wa njano. TV ya chogo bado inashinda zote kwa kazi hii. Umbo la picha liache 4:3. Ukilitanua lijaze skrini pana, mwendo wa pembe katika Robotron unaonekana tofauti na ule unaosukuma mkononi. Spy Hunter na Sinistar zilitumia skrini iliyosimama wima, kwa hiyo kwenye skrini ya 4:3 zikitunza umbo lake zinachukua zaidi kidogo tu ya nusu ya upana. Weusi wa pembeni uache ulivyo.

Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia mfumo wa TV wa PAL, na konsoli zilizoandaliwa kwa PAL huweza kutoa picha 50 kwa sekunde, ilhali mashine za Marekani zilikwenda karibu na 60. Diski ikitoa chaguo la 60 Hz, lichukue kila mara. Ukichezesha diski ya NTSC, yaani ya mfumo wa Marekani, kwenye konsoli iliyofunguliwa isome diski za nchi nyingine, na TV ya zamani ikaleta picha isiyo na rangi, konsoli haijafa: ingia kwenye menyu ya TV, badili mfumo wa rangi kuwa NTSC au wa kujichagua wenyewe. TV ya PAL tupu haitatoa rangi kwa waya wa njano.

Kuna suala la sarafu pia. Gauntlet ya mwaka 1985 inapunguza afya yako kila sekunde hata ukisimama tu, na kila sarafu iliongeza afya. Nyumbani sarafu ni kitufe, na ukikibonyeza bila mpaka gemu inakuwa matembezi. Jiwekee kikomo kabla ya kuanza: sarafu moja kwa Robotron na Sinistar, tano kwa Smash TV, ambayo iliundwa makusudi kula sarafu. Gauntlet ni tamu ikiwa na watu wanne, na PS2 ina sehemu mbili tu za kuchomeka pedi, wakati Xbox na GameCube zina nne. Soma idadi ya wachezaji nyuma ya kasha kabla ya kuwaita marafiki.

Kwa anayenunua PS2 iliyotumika kwa ajili ya diski kama hii, lenzi ipimwe kwa diski za aina mbili: CD yenye mgongo wa bluu na DVD yenye mgongo wa fedha. Lenzi iliyochoka mara nyingi inasoma aina moja na kukataa nyingine, na muuzaji atakuonyesha ile inayosoma.