“Je, una kisukari?”: kanuni ya matangazo inayolalamikiwa kuliko inavyoeleweka

Wanaotangaza biashara zao Facebook na Instagram wanalifahamu jibu hili: tangazo limekataliwa, na sababu iliyotajwa ni “sifa binafsi”. Muuzaji wa unga wa lishe ameandika “Je, unasumbuliwa na kisukari? Unga wetu ni suluhisho lako”, ameweka picha safi, bei na namba ya WhatsApp, na baada ya saa chache anaambiwa kuwa amekiuka viwango vya matangazo vya Meta, kampuni inayomiliki majukwaa hayo mawili. Hakumtukana mtu, na bei hakuificha. Anaomba tangazo lipitiwe upya bila kubadilisha neno, linakataliwa tena, na akiendelea hivyo akaunti yake ya matangazo inaweza kuwekewa vizuizi. Hapo ndipo linapozaliwa lalamiko kwamba kanuni hizi zimetungwa na watu wasiojua namna sisi tunavyouziana.

Lalamiko hilo lina sehemu yake ya haki. Hata hivyo, mara nyingi linaelekezwa kwenye kanuni ambayo, kati ya zote za majukwaa haya, huenda ndiyo yenye sababu nzito zaidi. Kanuni hiyo haikatazi kuutaja ugonjwa. Inachokataza ni tangazo kudai au kudokeza kwamba linaijua hali ya mtu anayelisoma, iwe ni afya yake ya mwili au ya akili, ulemavu, dini, asili, umri, hali ya kifedha au rekodi yake ya jinai. Kwa hiyo “Matibabu mapya ya kisukari yanapatikana” linaruhusiwa, ilhali “Je, una kisukari?” halipiti. “Ushauri nasaha kwa watu wenye sonona” linapita, “Sonona inakutesa? Pata msaada sasa” halipiti. Hata “Kutana na Wakristo wenzako” lina kasoro, kwa kuwa linamwambia msomaji dini yake, wakati “Kutana na Wakristo” halimwambii lolote kumhusu.

Mfanyabiashara atauliza, na swali lake ni la msingi: mbona bango la mganga lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme linauliza hivyo hivyo, na redio inauliza hivyo hivyo, na hakuna anayeshtakiwa? Jibu ni kwamba bango halichagui wapita njia. Wote wanaliona, mgonjwa na mzima, na anayeguswa anaguswa kimya kimya. Tangazo la kulipia mtandaoni huchagua. Huonyeshwa kwa watu ambao mfumo umekadiria, kutokana na walichobofya, walichotazama na kurasa walizotembelea, kwamba wana uwezekano wa kuitikia. Swali linaloonekana la kawaida kwenye nguzo, likifika kwenye simu ya mtu mmoja kwa njia hiyo, linakuwa karibu na tamko: tunajua unaumwa nini.

Wapo wanaojibu kwamba hatari hiyo imekwisha kuondolewa. Ni kweli kwamba Januari 2022 Meta ilianza kuondoa vigezo vya kulenga watu kwa mambo nyeti kama afya, dini na misimamo ya kisiasa, kwa hiyo mtangazaji hawezi tena kuchagua kwenye orodha watu wanaofuatilia ugonjwa fulani. Lakini kuondoa kitufe hakukuondoa uwezo. Mfumo unaendelea kujifunza nani anabofya nini, na tangazo la kisukari litawafikia wenye kisukari hata kama mtangazaji hakugusa kigezo chochote. Zaidi ya hapo, mtangazaji anaweza kupakia orodha ya namba za simu za wateja wake ili mfumo uzilinganishe na akaunti zilizopo. Masharti yanamkataza kutumia taarifa za afya kwa njia hiyo, ila namba ya simu haisemi imetoka kwenye daftari gani. Katika hali kama hiyo, kudhibiti lugha ya tangazo ni kizuizi kimojawapo kati ya vichache vilivyobaki kwa upande wa msomaji.

Tena kizuizi hicho kina uzito mkubwa zaidi kwetu kuliko kwa waliokitunga. Simu nyingi za huku si za mtu mmoja. Mama humpa mtoto simu acheze, mume huchukua ya mkewe yake ikiisha chaji, na ndani ya daladala skrini husomwa na jirani bila kificho. Tangazo linalosema “Umechoka kuishi na VVU kwa siri?” likitokea mbele ya macho hayo limekwisha kufanya kazi yake mbaya kabla mwenye simu hajalipitisha, na hakuna rufaa ya kulirudisha nyuma. Haijalishi kama mwenye simu ana virusi au hana, kwani dhana ikishaingia nyumbani haitoki kwa maelezo. Wanaosema kanuni hii ni ya kigeni wanasahau kwamba sheria zetu zinasimama juu ya msingi huo huo. Sheria ya Tanzania ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa hali ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kama ile ya Kenya ya 2019, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Upande wa pili sasa, ambao nguvu yake kubwa imo katika namna kanuni inavyotekelezwa. Meta yenyewe inaeleza kwamba ukaguzi wa matangazo hufanywa zaidi na mitambo. Mtambo ni hodari wa kutambua sentensi yenye umbo linalojulikana, na “Je, una…?” ni umbo la wazi kabisa. Tapeli wa uwekezaji hana haja ya umbo hilo. Anaandika kwa adabu, anaiba picha ya mtu maarufu, anaahidi faida ya wastani, na sentensi zake hazina hata moja inayomwambia msomaji yeye ni nani.

Novemba 2025 shirika la habari la Reuters lilichapisha taarifa, likinukuu nyaraka za ndani za Meta, kwamba kampuni hiyo ilikadiria takriban asilimia 10 ya mapato yake ya mwaka 2024, sawa na dola bilioni 16 hivi, yangetokana na matangazo ya utapeli na ya bidhaa zilizopigwa marufuku. Meta ilijibu kwamba makadirio hayo yalikuwa ya juu juu na yalijumuisha mengi kupita kiasi. Kwangu kilichonikaa zaidi ni namba nyingine iliyomo humo: mtangazaji alifukuzwa pale tu mifumo ilipokuwa na uhakika wa asilimia 95 au zaidi kwamba anatapeli, na aliyeshukiwa chini ya hapo alitozwa bei ya juu zaidi ya matangazo. Na si hilo tu. Kwa mujibu wa nyaraka hizo, mtangazaji mdogo alihitaji kuripotiwa kwa utapeli wa kifedha angalau mara nane kabla ya kuzuiwa, wakati baadhi ya akaunti zinazotumia fedha nyingi ziliweza kufikisha alama za ukiukaji zaidi ya 500 bila kufungwa.

Muuzaji wa unga akisoma hayo ana kila sababu ya kukasirika. Ila hasira yake inachanganya mambo mawili yanayofanya kazi tofauti. Asilimia 95 ni kizingiti cha kumfukuza mtangazaji, wala hakihusiani na kukataa tangazo moja, jambo linaloweza kufanyika kwa dalili ndogo tu. Tapeli ananufaika na kizingiti cha kwanza kilichowekwa juu mno, na muuzaji wa unga anaumia kwa cha pili kilicho chini. Kulegeza kanuni ya sifa binafsi hakungemgusa tapeli hata kidogo. Kungeongeza tu idadi ya simu zinazotangaza maradhi ya wenyewe. (Na tuseme kweli, sehemu ya unga unaoitwa “suluhisho” la kisukari ingekataliwa hata kama swali lingeondolewa, kwa sababu kuahidi kuponya ni kosa jingine.)

Kinachofaa kudaiwa ni kitu kidogo kinachowezekana. Anayekataliwa leo hupewa jina la kanuni na kiungo cha ukurasa mrefu, na hubaki akibahatisha kama tatizo ni picha, bei au neno “yako”. Mtambo ulioweza kuitambua sentensi yenye kosa unaweza pia kumwonyesha mwenye tangazo sentensi hiyo, kwa Kiswahili, pamoja na mfano wa ile inayopita, na rufaa ya pili ikasomwa na mtu anayeijua lugha. Kwa gharama ya hayo, kampuni inayomtoza anayeshukiwa kwa utapeli bei ya juu badala ya kumwondoa haina kisingizio cha uhaba wa fedha.